Ofa Tatu Mkononi: Mhitimu wa Kalemie Achague Ipi?

Mtu akichukua ramani na rula ataona kwamba, kwa mstari ulionyooka, Kalemie iko karibu na Dar es Salaam kuliko Kinshasa. Lubumbashi iko karibu zaidi kuliko miji hiyo yote miwili, na Kigoma ni ng'ambo ya ziwa tu. Kwa hiyo mhitimu wa mji huu anapoomba nafasi ya kusoma uzamili au uzamivu, majibu huweza kumjia kutoka pande zisizofanana hata kidogo. Barua moja inatoka Lubumbashi: masomo kwa Kifaransa, ufadhili hakuna. Nyingine inatoka Tanzania au Uganda: masomo kwa Kiingereza, ada imepunguzwa kidogo. Ya tatu inatoka Ubelgiji au China, na ndani yake mna masharti ambayo hakuna aliyeyasoma mpaka mwisho, kwa sababu nyumba nzima imekwisha kuanza kushangilia.

Makala haya hayapingi Ulaya wala hayawaombi vijana wabaki nyumbani. Yanashikilia jambo moja: ofa nzuri ni ile ambayo mwanafunzi ataweza kuimaliza, kwa fedha zilizopo na msimamizi aliyepo, na ambayo shahada yake itatambuliwa mahali anapokusudia kufanya kazi. Jina la chuo na jina la nchi hufuata baada ya hapo. Mwaka mmoja na nusu uliosomwa kwenye chuo maarufu bila kufika kwenye cheti haumsaidii mtu yeyote mbele ya mwajiri, na deni lililoachwa nyuma hulipwa na familia ileile iliyoshangilia.

Basi mhitimu aanze na kazi kabla ya chuo. Anataka kufanya nini, na wapi? Kwa mkazi wa mkoa wa Tanganyika swali hili si la kinadharia, maana mkoa wenyewe umejaa maswali yanayosubiri watu waliosoma.

Chukua ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani ni Baikal tu linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba joto linaloongezeka limepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, virutubisho havipandi kama zamani, na uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20. Kwa makadirio yao, samaki wangeweza kupungua kwa kiasi cha asilimia 30. Mama anayeuza ndagala sokoni Kalemie hahitaji jarida limwambie kwamba mafungu yamekuwa madogo, lakini serikali inahitaji mtu wa kuieleza ni kwa sababu ya joto, au ya nyavu, au ya vyote viwili, na ifanye nini. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Uamuzi wa namna hiyo hugusa chakula cha maelfu ya watu, na upande wa Kongo nao wanahitajika wataalamu wa kuupima.

Kijana anayetaka kazi hiyo anaweza kupata ofa ya Oceans & Lakes, shahada ya uzamili ya miaka miwili inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vitatu vya Ubelgiji: Vrije Universiteit Brussel, Ghent na Antwerp. Anaweza pia kupata nafasi katika fani ya sayansi za maji na uvuvi kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zote mbili ni ofa za kweli na zenye hadhi. Cha kuuliza ni hiki: data ya tasnifu itatoka wapi? Kama programu ya Ubelgiji inamruhusu kurudi kukusanya sampuli kwenye ziwa lake, na inalipia safari hiyo, ofa ni ya dhahabu. Kama atalazimika kuandika juu ya bwawa la Flanders kwa sababu bajeti ya utafiti haipo, basi ile ya Dar es Salaam, yenye taasisi ya utafiti wa uvuvi ya TAFIRI na kituo chake pale Kigoma, inaweza kumfikisha mbali zaidi katika kazi anayoitaka.

Mwenye digrii ya jiolojia ana hesabu nyingine. Manono, ndani ya mkoa huuhuu, ina moja ya hazina kubwa za lithiamu zinazojulikana duniani. Miamba ya Katanga imefundishwa na kuandikwa Lubumbashi kwa vizazi kadhaa. Kwa mtu wa namna hiyo Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, hakipaswi kuonekana kuwa kimbilio la waliokosa Ulaya. Katika baadhi ya fani, chuo cha karibu ndicho chenye maabara iliyo mlangoni mwa mgodi.

Mfano wa mtu aliyeanza na kazi uko Bukavu. Denis Mukwege alihitimu udaktari wa tiba nchini Burundi mwaka 1983 akiwa na nia ya kuwatibu watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, aliona wanawake wakifika wakiwa wamechelewa mno, wengine baada ya safari ndefu ya miguu, wakipoteza maisha au kubaki na majeraha ya uzazi. Akabadili fani. Alikwenda Ufaransa, katika mji wa Angers, akasomea magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Hakwenda Paris kutafuta jina. Alikwenda pale alipoweza kupata ujuzi alioukosa. Na uzamivu wake? Aliupata mwaka 2015 katika Université Libre de Bruxelles, akiwa na miaka 60, kwa tasnifu juu ya fistula iliyotokana na kazi yake mwenyewe ya upasuaji. Tuzo ya Nobel ilifuata 2018. Kijana anayeona kwamba ofa ya uzamivu aliyonayo leo ni dhaifu, lakini ya uzamili ni imara, akumbuke kwamba uzamivu unaweza kungoja mpaka mtu awe na swali lake mwenyewe.

Baada ya kazi ndipo barua ifunguliwe upya na kusomwa taratibu, kalamu mkononi.

Mstari wa kwanza wa kutafuta ni ule unaosema kama amekubaliwa moja kwa moja au kwa masharti. Kukubaliwa kwa masharti maana yake ni kwamba bado hajakubaliwa mpaka atimize jambo fulani kabla ya siku fulani: cheti cha lugha, nakala halisi ya diploma, uthibitisho wa fedha. Kwa mhitimu wa Kongo, sharti la diploma halisi ndilo lenye miba. Wengi humaliza chuo na kukaa muda mrefu wakiwa na hati ya kufaulu na karatasi za alama tu, diploma yenyewe ikiwa haijatoka. Kabla ya kufurahi, amwandikie ofisa wa udahili na kumuuliza waziwazi: je, hati ya kufaulu pamoja na karatasi za alama za miaka yote, zikiwa na muhuri wa chuo, zinatosha kujiandikisha? Jibu liwe kwa maandishi. Ahadi ya simu haitamsaidia siku atakaposimama mbele ya dirisha la usajili, kilomita elfu kadhaa kutoka nyumbani.

Mstari wa pili ni wa fedha, na hapa ndipo barua nyingi hupendeza kuliko zilivyo. Tuseme chuo kinatoza dola 6,000 kwa mwaka na kinampa mwanafunzi msamaha wa nusu. Neno ufadhili limeandikwa kwa herufi nene. Lakini bado anadaiwa dola 3,000 kwa mwaka, 6,000 kwa miaka miwili, kabla hajala, hajalala na hajapanda basi. Ofa hiyo si ya ufadhili. Ni ya bei iliyopunguzwa. Mtu mwenye mshahara mzuri au ndugu mwenye uwezo anaweza kuikubali kwa macho wazi. Anayetegemea kwamba Mungu atafungua njia baada ya kufika, aiweke chini kabisa ya rundo.

Hata ufadhili kamili una mipaka yake. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa shahada za uzamili za pamoja, hutoa euro 1,400 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni euro 33,600, na mtu wa Kalemie akiiona namba hiyo huona nyumba ya matofali. Ila fedha hiyo imekusudiwa kubeba kila kitu cha maisha yake: nauli, viza, kuhamia, kodi ya chumba na chakula. Na programu hizo humhamisha mwanafunzi kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo gharama ya kuhamia hurudi zaidi ya mara moja. Ufadhili wa serikali ya China kwa uzamili ni yuani 3,000 kwa mwezi, kama dola 400 na ushee, pamoja na ada na bweni. Mwombaji aangalie kama nauli ya ndege imo, na kama masomo ni kwa Kichina, kwani hapo mwaka mzima wa lugha huongezwa mbele. Pan African University ya Umoja wa Afrika, iliyoanzishwa 2011, hufadhili raia wa bara hili katika vituo kama vile kilichopo JKUAT nchini Kenya kwa sayansi na teknolojia, Ibadan kwa sayansi za maisha na ardhi, Yaoundé kwa utawala na sayansi za jamii, na Tlemcen kule Algeria kwa maji na nishati. Huko Wakongo wengi hawatazami, na ni kosa. Anayesomea maji, akiwa mwenyeji wa mji ambao mto Lukuga unatokea ziwani, angefanya vema kuutazama mpango wa Tlemcen kabla ya kukopa fedha za kwenda kwingine.

Kisha kuna fedha ya kabla ya fedha. Posho ya kwanza mara nyingi huingia wiki kadhaa baada ya kufika, akaunti ya benki ikishafunguliwa. Kabla ya hapo kuna pasipoti, kuthibitisha vyeti, kutafsiri karatasi, vipimo vya afya, mtihani wa lugha, na kwa mtu wa Kalemie, safari ya ndani ya nchi, kwa sababu maombi ya viza ya nchi nyingi za Ulaya hupitia Kinshasa, na kufika Kinshasa kutoka Kalemie ni kwa ndege. Ukienda mara moja, pengine unaitwa tena kwa karatasi iliyokosekana. Ofa mbili zinazolingana kwa posho zinaweza kutofautiana kwa dola elfu moja au mbili katika hatua hii peke yake. Ya Tanzania haihitaji safari ya namna hiyo: mtu huvuka ziwa hadi Kigoma na kushika reli ya kati kuelekea Dar es Salaam, ingawa naye anahitaji kibali cha ukaazi cha mwanafunzi, daraja C, na gharama ya kibali hicho aiulize mapema.

Akishaandika kila gharama kwenye ukurasa mmoja na kila fedha ya uhakika kwenye ukurasa wa pili, tofauti ionekane kwa namba. Fedha ya uhakika ni ile iliyo kwenye barua au benki. Ahadi ya shangazi aliye Brussels ni ya heshima na upendo, lakini isiandikwe upande wa uhakika mpaka shangazi mwenyewe aseme ni kiasi gani na mwezi gani.

Sasa msimamizi, ambaye vyuoni Kongo huitwa promota. Kwa uzamivu, na kwa uzamili wa utafiti, huyu mtu mmoja ana uzito kuliko jengo zima la chuo. Anaweza kuwa bingwa anayejulikana duniani kote na bado akakaa na sura ya kwanza ya mwanafunzi miezi saba. Anaweza kuwa mwalimu kijana asiye na jina ambaye husoma kila ukurasa na kuujibu kwa siku kumi. Wahitimu wa Kalemie wanalijua tatizo hili kwa karibu. Chuo Kikuu cha Kalemie, UNIKAL, kilianza kama tawi la UNILU, na kama vyuo vingi vya mikoani, kimetegemea sana maprofesa wageni wanaokuja, wanafundisha mfululizo na kuondoka. Msimamizi anayeishi mji mwingine si lazima awe mbaya. Inabidi tu ijulikane mapema jinsi atakavyopatikana.

Namna ya kujua ni kuuliza wanafunzi wake, na kuuliza vizuri. Swali la "Profesa ni mzuri?" litajibiwa "ndiyo, mzuri sana," kwa sababu hakuna mwanafunzi anayetaka kumsema vibaya mwalimu wake kwa mtu asiyemjua. Maswali ya kufaa ni ya vitu vinavyohesabika. Ulipompa sura ya kwanza, ilirudi baada ya muda gani? Wanafunzi wangapi alikuwa nao mwaka ulioanza, na wangapi wamemaliza? Ada yako ya mwaka wa mwisho ilitoka wapi? Alipokwenda likizo ya utafiti, nani alikushika? Ulichapisha makala, na jina lako lilikuwa la ngapi? Waulizwe wawili au watatu, mmoja wao akiwa ameshamaliza na mwingine akiwa ameacha katikati, kama anaweza kupatikana. WhatsApp imerahisisha jambo hili. Mkongo mmoja aliyeko Makerere au Liège atakupeleka kwa mwingine. Na msimamizi mwenyewe aulizwe moja kwa moja, kwa adabu. Profesa anayekasirika kwa kuulizwa jinsi anavyosimamia amekwisha kujibu.

Hata barua iliyosainiwa inaweza kuvunjika. Wangari Maathai alimaliza uzamili Pittsburgh, Marekani, akarudi Nairobi mwanzoni mwa 1966 akiwa na ahadi ya kazi ya msaidizi wa utafiti katika zoolojia. Alipofika aliambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Ameisimulia habari hiyo katika kitabu chake cha maisha, Unbowed, cha 2006. Kilichomwokoa ni mtu: Reinhold Hofmann, profesa kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo Nairobi. Alimpa kazi, kisha akamhimiza kusoma uzamivu. Maathai alikwenda Ujerumani 1967, akafanya utafiti Giessen na Munich, akarudi 1969, na shahada yenyewe akaipata Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuwa na uzamivu.

Mpangilio huo, wa kujisajili nyumbani au jirani na kufanya sehemu ya utafiti nje, bado upo na unafaa sana kwa watu wa Kalemie. Asistanti wa UNIKAL anaweza kujisajili UNILU na kukaa miezi kadhaa Ubelgiji kwa maabara, bila kupoteza nafasi yake ya kazi wala kuihamisha familia. Kwa anayetaka kufundisha chuo kikuu Kongo, uzito wa jambo hili ni mkubwa: ngazi ya asistanti na ya chef de travaux hupandwa bila uzamivu, lakini uprofesa haufikiwi bila huo. Akiondoka kabisa kwa miaka sita bila makubaliano ya maandishi na chuo chake, anaweza kurudi na shahada akakuta kiti kimekaliwa.

Suala la kutambuliwa kwa shahada linahitaji uvumilivu, kwa sababu Kongo iko katikati ya mabadiliko. Katika mfumo wa zamani mtu alisoma miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, jumla mitano. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliruhusu mfumo wa LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vilianza kuufuata kwa upana: licence ya miaka mitatu, master ya miwili, kisha uzamivu. Matokeo yake ni kwamba vijana wawili wa Kalemie wanaweza wote kuwa na licence, mmoja akiwa amesoma miaka mitano na mwingine mitatu. Ofisi ya udahili ya Morogoro au Ghent haina sababu ya kulijua hilo. Mwenye mfumo wa zamani aambatishe karatasi za alama za miaka yote mitano na barua fupi ya chuo inayoeleza mfumo. Wapo wanaowekwa kwenye mwaka wa maandalizi usio wa lazima, wakilipia mwaka mzima, kwa sababu tu hakuna aliyeeleza.

Upande wa kurudi nao uangaliwe mapema. Ulinganisho wa shahada ya nje hufanywa na Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa. Anayetaka kufanya kazi nchi jirani atakutana na mamlaka ya elimu ya juu ya huko: Tanzania ni TCU, Uganda ni NCHE, Kenya ni CUE, na kila moja ina njia yake ya kutambua vyeti vya nje. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ilhali eneo la pamoja la elimu ya juu la Jumuiya lilitangazwa 2017, kabla haijawa mwanachama. Kwa hiyo mhitimu wa Kalemie anayepewa ofa Arusha, Kampala au Nairobi aiulize ofisi ya usajili swali moja la faida: raia wa Kongo analipa ada ya mwanafunzi wa Jumuiya au ada ya mgeni? Jibu hilo linaweza kushusha gharama kuliko bursari ndogo. Wakati huohuo athibitishe kwamba chuo chenyewe kimesajiliwa na mamlaka ya nchi yake. Barua inayodai fedha za kushikilia nafasi kupitia M-Pesa ya mtu binafsi ikataliwe hapohapo.

Usalama si jambo la kuruka. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu, miji miwili yenye vyuo ambavyo vijana wa mashariki wamevitegemea kwa miaka mingi. Walimu wa huko wameonyesha ujasiri mkubwa na vyuo hivyo vinastahili heshima. Lakini anayepewa nafasi huko aulize kama masomo yanaendelea, nani anasaini vyeti, na cheti hicho kitapokelewaje Kinshasa na nje.

Na familia. Kalemie hakuna anayeamua peke yake, na si vibaya, kwa sababu familia ndiyo iliyolipa minerval, yaani ada ya chuo, ya miaka mitano. Ubaya unakuja pale ambapo posho ya mwanafunzi inahesabiwa kama mshahara wa mfanyakazi wa nje. Euro 1,400 ikikatwa kodi ya chumba, bima na chakula, haibaki fedha ya kujenga. Heri jambo hili lizungumzwe kabla ya safari, baba na mama wakiwepo, kwa karatasi ya hesabu mezani, kuliko liwe ugomvi wa simu kila mwisho wa mwezi. Kijana asiyeweza kusema kiasi atakachotuma ataishia kutuma fedha ya vitabu.

Mwanamke mwenye mtoto, au anayetarajia kuolewa, aulize pia mambo ambayo barua huyanyamazia. Je, kuna posho ya familia? Akijifungua, ufadhili unasimamishwa au unakatika? Mtoto anaweza kupata viza? Wapo wanaomshauri asiyaulize ili asionekane mzigo. Ushauri huo haufai. Chuo kinachomwona mama kuwa mzigo ni bora kijulikane kabla ya kuvuka ziwa kuliko baada.

Ufadhili mwingi pia humtaka mwanafunzi arudi nchini. Hilo lisichukuliwe kama adhabu. Jean-Jacques Muyembe alipata uzamivu Leuven 1973, akarudi Kinshasa, na 1976 alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kufika Yambuku wakati wa ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola. Angekuwa amebaki Ubelgiji, sampuli za ugonjwa huo zingechukuliwa na mtu mwingine, labda kwa kuchelewa. Lakini kurudi kunahitaji mahali pa kurudi: maabara, chuo, ofisi ya mkoa, mradi. Mwenye ofa aanze kuwaandikia watu hao kabla hajaondoka, ili wajue jina lake.

Ikibaki ofa mbili zinazokaribiana, tarehe ziamue kasi. Vyuo vingi vya Marekani vimeridhia azimio la Council of Graduate Schools kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili hawajibiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Chuo kinachombana mapema kikumbushwe hilo kwa upole. Kwingineko, kuomba nyongeza ya wiki mbili ni jambo la kawaida, na barua ya maombi iwe fupi: shukrani, sababu moja ya kweli, tarehe anayoiomba. Kama majibu ya ufadhili wa ofa aipendayo hayajatoka, auombe uongozi uahirishe nafasi yake hadi mwaka unaofuata. Vyuo vingi hukubali uzamili uahirishwe mara moja. Ufadhili ndio haukubali kirahisi, kwa hiyo aulize vyote viwili kwa barua tofauti.

Akishaamua, wale aliowakataa waandikiwe siku hiyohiyo. Nyuma ya kila nafasi kuna orodha ya wanaosubiri, na pengine mmoja wao ni wa Moba, Kongolo au Uvira. Barua ya kukataa iwe na mistari mitatu, imtaje kwa jina profesa aliyejitolea kumsimamia, na nakala ipelekwe kwa walimu waliompa barua za mapendekezo. Hao ndio atakaowaomba tena barua miaka minne ijayo, atakapotafuta nafasi ya uzamivu.